Angani na Watoto, Mezani kwa Wenyeji



Juu ya safari za basi tumekwisha kuzungumza mara nyingi: mtoto kutapika, mtoto kubanwa haja njiani, mtoto kulala mapajani mwa mtu asiyemjua. Mwezi huu tupande ndege. Zamani ndege ilikuwa ya wakubwa wa serikali na wafanyabiashara. Siku hizi mwalimu, muuguzi au mama mwenye duka la vitenge aweza kujibana miezi kadhaa, akampeleka mtoto Mwanza kwa bibi yake kwa muda wa saa moja na nusu hivi, badala ya kukaa barabarani kutwa nzima. Kwa hiyo maswali yameongezeka, na maoni yameongezeka zaidi.

Tuliwaomba wasafiri watueleze mambo mawili bila kuficha: ilikuwaje kupanda ndege na watoto, na ilikuwaje kula chakula cha huko walikokwenda. Wengine wameandika. Wengine wamenishika mkono nje ya kanisa wakaanza kueleza kabla sijauliza. Majina yao nimeyaacha, maana baadhi yao wamewasema wakwe zao, nami sitaki ukurasa huu uvunje nyumba ya mtu.

Nianze na aliyesema kwa ukali kuliko wote. Ni baba mtu mzima, ambaye husafiri kati ya Dar es Salaam na Mwanza kwa shughuli zake karibu kila mwezi. Anasema: "Dada, watoto nawapenda, lakini si kwenye ndege ya alfajiri. Mtu hajalala, anataka saa moja ya utulivu. Mama anampandisha mtoto hajanyonya, hajabadilishwa nepi, halafu anatuangalia sisi kana kwamba ndio tuliomliza." Kama angekuwa na amri, anasema, wenye watoto wote wangekaa nyuma.

Nilimsomea maneno hayo mama mmoja wa watoto wanne. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwambie huyo baba naye alilia zamani, na watu walimvumilia. Ila hapo kwenye nepi amesema kweli."

Mimi nasimama karibu na huyu mama. Mtoto ni abiria, jina lake limeandikwa kwenye tiketi, na kilio ndiyo lugha aliyo nayo. Hata hivyo mzazi asiyejiandaa humtesa mtoto kwanza, kisha na wengine. Nasema mzazi, sisemi mama peke yake. Katika maoni niliyopata, lalamiko lililorudiwa sana halikuwa juu ya wahudumu wala viti, bali juu ya akina baba. "Mume wangu alichukua kiti cha dirishani safu ya tatu mbele yangu," aliandika mmoja, "akawa kama hatujui. Mtoto alipolia aligeuka pamoja na abiria wengine kutazama ni mtoto wa nani." Akina baba mnaosoma gazeti hili baada ya wake zenu kulimaliza, mmesikia.

Sasa tuje kwenye masikio, kwa kuwa hapo ndipo vilio vingi vinapoanzia, na ndipo wazazi wengi hawajui kinachotokea.

Ndani ya ndege inayoruka juu sana hewa hushindiliwa ili watu waweze kupumua, lakini haishindiliwi mpaka ikafanana na ya pwani. Abiria huwa kama mtu aliyepanda mlima wenye urefu wa kati ya meta 1,800 na 2,400, yaani juu kidogo kuliko Nairobi au Mbeya. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho kimeunganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Tunapomeza mate au kupiga miayo mrija hufunguka, hewa ya ndani na ya nje zikalingana. Ndege inapopanda, hewa iliyomo sikioni hutoka bila shida kubwa. Taabu huja inaposhuka. Hapo hewa ya nje inakuwa nzito kuliko ya ndani, ngoma ya sikio inasukumwa kwa ndani, na kama mrija haufunguki mtoto anasikia maumivu makali. Mrija wa mtoto ni mwembamba kuliko wetu, na mtoto mchanga hajui kujimezesha mate kwa makusudi. Akiwa amelala ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mtu aliyelala humeza mara chache.

Kwa sababu hiyo akina mama wengi hukosea saa. Wanamnyonyesha mtoto ndege ikiwa bado chini, anashiba, analala, nao wanamshukuru Mungu. Dakika 20 au 30 kabla ya kutua ndege inaanza kushuka, mtoto yuko usingizini, kisha anaamka kwa yowe na abiria wote wanageuka. Yafaa kulitunza titi au chupa kwa ajili ya kushuka. Ukisikia rubani au mhudumu ametangaza kwamba mmeanza kuteremka, mwamshe hata kama amelala vizuri kiasi gani, umnyonyeshe akiwa ameinuliwa kichwa. Anayekula apewe maji kidogo kidogo. Mkubwa wa miaka minne na zaidi apewe pipi ya kijiti au afundishwe kupiga miayo ya uongo. Mama mmoja aliwafundisha wanawe wawili kushindana kupiga miayo kama simba. Anasema abiria wa pembeni nao walijikuta wanapiga.

Mtoto mwenye mafua ni jambo jingine, na hapa naomba tukae kidogo.

Mama mmoja kijana alinisimulia habari yake. Ana mtoto wa miezi saba. Usiku, saa nne, simu ilitoka Musoma kwamba baba mkwe amefariki na mazishi ni kesho kutwa. Mume wake alikuwa tayari huko akimwuguza mzee. Ndugu wakachanga nauli ya ndege mpaka Mwanza, na tiketi ikakatwa usiku uleule. Lakini mtoto alikuwa na homa siku ya pili, anajivuta sikio la kulia, na hataki kulilalia. Asubuhi alimpeleka kwa daktari kabla ya kwenda uwanjani. Daktari akamwangalia sikioni kwa kimulimuli chake, akamwambia ngoma ya sikio imevimba, ndani kuna usaha, na kwamba kwa maoni yake mtoto asipandishwe ndege kwanza. Akamwandikia dawa na kumtaka arudi baada ya siku chache.

Wasomaji mnaijua hali hiyo. Mkwe anayekosa mazishi ya baba mkwe wake hutafutiwa maneno. Wifi mmoja alimwambia kwenye simu: "Mtoto wa nani asiyekuwa na mafua? Sema kama hutaki kuja." Mama mdogo wa mume akamshauri amwache mtoto kwa jirani, naye mtoto ananyonya. Basi nalo lingemaanisha kutwa nzima na zaidi na mtoto mwenye homa. Alikaa kitandani, tiketi mkononi, akalia. Kisha akampigia mume wake na kumweleza maneno ya daktari neno kwa neno. Mume akanyamaza kidogo, akasema, "Kaa. Huku nitasema mimi."

Alikwenda baada ya siku tisa, sikio limepona, wakati wengi wamekwisha kutawanyika. Aliingia uani akiwa amejiinamia, akitegemea kusemwa. Mama mkwe alimpokea mtoto, akamtazama masikio yote mawili, akasema, "Kaburi halihami, mwanangu. Njoo nikuonyeshe." Wakaenda wote watatu.

Simlaumu wifi. Msiba hutoa maneno ambayo mtu asingeyasema siku nyingine. Lakini mume alifanya jambo ambalo waume wengi hawalifanyi, yaani kulibeba neno la daktari mbele ya ukoo wake, asimwachie mke alibebe peke yake. Si kila mafua yanazuia safari. Mtoto mwenye kamasi jepesi, anayecheza na kunyonya vizuri, mara nyingi husafiri bila neno. Mwenye homa, mwenye kujivuta sikio au mwenye kutoa usaha, aonwe na daktari kwanza, na jibu la daktari lifuatwe.

Kuna maoni mengine ambayo yalinishtua. Akina mama watatu, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia kama siri ya jikoni kwamba humpa mtoto dawa ya mafua au ya mzio saa moja kabla ya kupanda ndege ili alale. Mmoja hata alinitajia vijiko vingapi. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Dawa hizo hazikutengenezwa kuwa za kulaza watoto. Baadhi ya watoto huzipokea kinyume: badala ya kulala wanakuwa kama waliopagawa, wanarusha miguu na kulia safari nzima. Na hilo ndilo dogo. Ile iitwayo promethazini, ambayo watu wengi wanayo kabatini, ina onyo kali lililoagizwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2004 kwamba asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua hata akafa. Mtoto aliyelazwa kwa dawa kwenye mapaja yako utadhani anapumzika. Nilimwuliza yule mwenye vijiko, "Dada, ungejuaje?" Hakunijibu. Wiki iliyofuata aliniletea chupa, akaniambia amekwisha kuimwaga.

Kuhusu tiketi nitasema kwa ufupi. Katika mashirika mengi mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hupakatwa na mzazi na hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli, mara nyingi asilimia 10 hivi katika safari za kwenda nchi nyingine. Akitimiza miaka miwili lazima awe na kiti chake. Hesabu tarehe ya kurudi pia. Mtoto akisherehekea miaka miwili kwa bibi yake, wakati wa kurudi atalipiwa kiti. Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja tu, kwa hiyo mama wa mapacha atafute mwenzake au anunue kiti. Ukivuka mpaka, chukua hati ya kusafiria ya mtoto mwenyewe na cheti chake cha kuzaliwa, na kama baba hamsafiri naye, barua yake ya kukubali. Waendao Uganda wakumbuke cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hata kwa mtoto aliyekwisha kutimiza mwaka mmoja.

Mbeleko nayo imeleta ubishi. Mama mmoja alikasirika kwamba mhudumu alimwambia amfungue mtoto mgongoni kabla ya ndege kuruka. Sijui alitaka kukaaje kitini na mtoto mgongoni, lakini tuyaache hayo. Mtoto wa kupakatwa hufungwa mkanda mdogo unaopitishwa katika mkanda wako. Usimwingize ndani ya mkanda wako mwenyewe. Ndege ikisimama kwa kishindo, uzito wako wote utamkandamiza yeye. Na kofia za hewa zikidondoka kutoka juu, jivishe wewe kwanza, kisha mtoto. Najua moyo wa mama unakataa. Lakini ndege ikiwa juu sana na hewa ikapungua ghafla, mtu mzima aweza kupoteza fahamu kwa muda usiotimia dakika moja, na ukishazimia hakuna atakayemvisha mwanao.

Basi mmefika. Ndege imetua, mkwe wako yuko nje amevaa kitenge kipya, na nyumbani chakula kiko tayari. Hapa ndipo maoni yalipokuwa mengi hata nikashindwa kuyapanga.

Wasafiri wanaolala katika nyumba za wageni walisema karibu kwa sauti moja kwamba chakula kimekuwa kilekile kila mji: chipsi, kuku, wali, maharage. "Nimekwenda Bukoba siku nne," anasema mama mmoja mfanyabiashara, "sikuona ndizi mpaka nilipomwomba mpishi anipikie zile anazokula yeye." Hilo ni shauri zuri. Mhudumu ukimwuliza kuna nini atakutajia orodha. Mwulize wao wamekula nini mchana.

Mwanza na pande zote za ziwa, watu wameusifu samaki hata nikaona njaa. Lakini mwenye watoto amtofautishe sato na sangara. Sato ni mtamu zaidi, wengi wamesema hivyo nami nakubali, ila ana miiba midogo inayojificha kwenye mbavu. Sangara, ambaye aliletwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, ni mkubwa, na mnofu wake hutoka mzima bila miiba mingi. Mtoto mdogo apewe sangara, au nyama ya mgongoni ya sato ambayo umeipapasa kwa vidole vyako mwenyewe, si kwa macho. Na mwiba ukimkwama, usimsukumizie tonge kubwa la ugali kama tulivyofundishwa na wazee wetu. Tonge laweza kuuzamisha mwiba zaidi. Mpeleke hospitali.

Bukoba kuna senene. Hupatikana kwa wingi mwishoni mwa mwaka, hunyofolewa mabawa na miguu, wakakaangwa au kukaushwa, na mgeni apewaye senene ameheshimiwa. Maoni yaligawanyika kati ya waliowala wakamaliza na waliokimbia meza. Kijana wa darasa la tano alimwambia mama yake wana ladha kama ngozi ya kuku iliyokaangwa, akaomba wa kupeleka shuleni. Tahadhari moja tu: mtu ambaye mwili wake hukataa kamba na kaa wa baharini aweza kudhurika na senene pia, kwa hiyo aanze na mmoja, au aache kabisa.

Tabora ni nchi ya asali, na bibi wa Tabora hupenda kumlambisha mjukuu wake asali siku ya kwanza. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe, hata tone. Asali, iwe safi kiasi gani, yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda lakini tumbo la mtoto mchanga haliviwezi, na sumu yake hulegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Kumwambia mama mkwe hayo yahitaji ulimi laini. Mwenzetu mmoja alifanya hivi: alipoona kidole cha bibi kinakwenda kwenye kopo, alipiga magoti, akasema, "Mama, kliniki wametukataza mpaka atimize mwaka. Naomba umwekee yake kwenye chupa, na siku hiyo umlambishe wewe mwenyewe." Bibi alifunga chupa, akaandika jina la mtoto juu ya karatasi, akaiweka kabatini. Mtoto ametimiza mwaka, na chupa inamsubiri.

Zanzibar watu wote wametaja Forodhani jioni, na wote wametaja bei. "Uliza kabla hujaonyesha kidole," wameandika wawili kwa maneno yaleyale. Chagua kinachopikwa mbele yako kikaliwa moto, wala usimpe mtoto pweza aliyekaa mezani tangu magharibi. Urojo ni mtamu kwa ukali wake na viazi na bajia zake, lakini wa mtoto utiwe bila pilipili. Ukienda mwezi wa Ramadhani, mchana walishe watoto ndani, si barabarani. Ni adabu ya mgeni, na huko yanaangaliwa.

Kampala nao wana luwombo, yaani nyama au kuku aliyefungwa katika jani la mgomba akaiva kwa mvuke, mara nyingi pamoja na mchuzi wa karanga. Mama mmoja wa Arusha ameniandikia kurasa mbili juu ya chakula hicho kimoja. Sina nafasi ya kuzichapa, ila nitakwenda.

Lakini barua iliyonikaa moyoni haikuwa na sifa za chakula. Ilitoka kwa mama mwenye mtoto wa miaka sita, aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Walikwenda kijijini kwa baba yake, huko Dodoma. Bibi alikuwa amepika ugali wa uwele na mlenda, na kwa ajili ya mgeni alikuwa amechinja jogoo. Mtoto aliutazama ugali ule mweusi, akautazama mlenda unavyovutika, akasukuma sahani, akasema mbele ya watu wote, "Sili hiki. Kinanuka." Bibi hakusema kitu. Alichukua sahani akaiweka kando. Kesho yake asubuhi alionekana hayupo. Alirudi karibu saa tano, amepanda bodaboda, mkononi ana chipsi mayai zilizopoa alizozifuata njia panda, mwendo wa mbali. Alimwekea mjukuu wake mbele, akakaa chini kumtazama akila. "Alitumia fedha aliyokuwa ameuzia karanga," aliandika yule mama. "Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia."

Msomaji, mtoto yule hakuwa mkorofi. Alisema alilofundishwa kwa kutofundishwa. Kama tangu azaliwe hajaona uwele, hajaona mlenda, hajaona ugali wa muhogo, atavipendaje siku moja mbele ya wageni? Tunalipa nauli kubwa ya ndege ili mtoto amjue bibi yake, kisha hatumpi hata kijiko kimoja cha chakula cha bibi huyo kwa miaka sita. Sokoni Dar es Salaam mlenda upo, unga wa uwele upo, udaga upo, ndizi za kupika zipo. Mwezi mmoja kabla ya safari, pika mara moja kwa wiki kile kinacholiwa huko mnakokwenda. Mwambie, "Hiki ndicho bibi anapika." Mpe kidogo, asipomaliza usimpige. Na mfundishe maneno ya kukataa: "Bibi, asante, nimeshiba." Hasa katika nyumba zetu hizi ambazo baba ni wa huku na mama wa kule, mara nyingi jiko hufuata kabila la anayepika, na upande mmoja wa ukoo unapotea mezani bila mtu kukusudia.

Yule mama ameanza. Anasema mwanawe sasa anaula mlenda, ila anataka uwe na karanga nyingi, na amesema likizo ijayo atamwonyesha bibi kwamba anaweza.

Kwa wanaokwenda Kilimanjaro na mtoto anayeanza kula, au mama aliyejifungua karibuni, hakuna chakula kilichosifiwa kama mtori, wala sikupata barua hata moja ya kuupinga. Wameniomba nieleze. Chemsha nyama ya ng'ombe yenye mfupa kwa chumvi kidogo na kitunguu mpaka ilegee kabisa. Menya ndizi mbichi za mshare, zitie katika supu hiyo, zichemke mpaka zivunjike kwa mwiko. Toa mifupa, ponda ndizi na nyama pamoja hadi ziwe laini, ongeza supu kidogo kidogo mpaka upate uzito unaoutaka, kisha tia maziwa yaliyochemshwa au siagi kijiko kimoja. Wa mtoto uutoe kabla hujatia pilipili, na chumvi yake iwe ndogo sana. Ukitaka kuubeba kwa safari ya kurudi, uwe mzito, uwe katika chupa ya chai yenye mdomo mpana, na kwenye ukaguzi wa uwanjani uutaje mapema kuwa ni chakula cha mtoto. Katika safari za kwenda nchi nyingine vitu vya majimaji vinavyozidi mililita 100 bado huzuiwa mkononi katika viwanja vingi, lakini maziwa na chakula cha mtoto huruhusiwa kwa kiasi cha safari. Watakufungulia waone. Mmoja wetu alifunguliwa, na askari wa kike akamwuliza ni ndizi gani alizotumia.